Injini ya Nairobi Mezani Kwetu

Waliokuja kwenye jioni ya maonyesho ya chama muhula uliopita watakumbuka ile injini ndogo iliyokaa kando ya ramani ya reli, Mombasa hadi Kampala. Ilikuwa na rangi ya kupendeza, herufi EAR ubavuni, na kikaratasi kilichosema "Injini ya dizeli, Reli za Afrika Mashariki". Wengi waliipiga picha. Tunaandika kukiri kwamba haikuwa injini ya Afrika Mashariki, na kueleza jinsi tulivyounda nyingine.

Ile ya kwanza ilikuwa modeli ya Class 37, injini ya Kiingereza ambayo haikosekani katika maduka ya modeli hapa London. Tuliinunua ikiwa imetumika, tukakwangua nembo za British Rail kwa msasa, tukapaka rangi upya. Hatukujiona waongo, maana hoja tulikuwa nayo. Class 37 ilibuniwa na kampuni ya English Electric, zikaundwa 309 kati ya mwaka 1960 na 1965, na chache kati yake zinavuta treni hadi leo. Pendekezo lake lilijengwa juu ya injini ambazo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeziunda kwa ajili ya East African Railways, zile za daraja la 90, ambazo baadaye zilipewa namba mpya zikaitwa daraja la 87. Kiwanda pia ni kimoja, Vulcan Foundry, kule Newton-le-Willows. Basi tukaona huyu wa Uingereza ni mdogo wake yule wa Nairobi. Ndugu akivaa kanzu ya nduguye, nani atajua?

Aliyejua ni mzee mmoja kutoka Southall, jirani wa mwenzetu. Ni Mpunjabi mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa fundi katika karakana za reli mpaka alipohamia Uingereza mwaka 1968. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Mwenzetu wa Mombasa alimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akacheka: "Marahaba, marahaba. Wewe mtu ya pwani." Kisha akaomba aishike ile injini. Hakuiangalia. Aliigeuza juu chini, akapitisha kidole tumboni mwake, akihesabu kimyakimya.

"Hii si yetu," akasema. "Hii iko na miguu sita. Yetu ilikuwa na miguu nane."

(Walimu wetu wa sarufi wamwachie mzee miguu yake nane. Ndicho Kiswahili cha karakana, na karakana ilijua hesabu kuliko sisi.)

Alitueleza pale pale, chai mkononi. Injini ya dizeli ya aina hii haizungushi magurudumu moja kwa moja. Dizeli inatengeneza stima, stima inakwenda kwenye mota, na kila mota inazungusha ekseli yake. Class 37 ina ekseli sita na mota sita. Daraja la 90 nalo lilikuwa na mota sita, lakini mbele na nyuma iliongezwa ekseli moja isiyovuta kitu, ya kubeba tu. Reli za kwetu zilikuwa nyepesi, na uzito ukigawanywa kwa nane badala ya sita, reli inapumua. Sisi tulikuwa tumeweka mezani injini ambayo, kwa maneno yake, "itavunja reli kabla ya Voi".

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Hakuna modeli ya injini hiyo tuliyoikuta dukani, kwa hiyo njia ni ile ambayo wapenzi wa mchezo huu wameizoea: kuvunja modeli mbili au tatu ili kuunda moja ambayo haipo. Waingereza wana jina lao la kazi hii. Sisi tuliiita kuungaunga, na tunadhani hakuna kitenzi kinachoifaa zaidi. Kuunga ni kazi ya fundi. Kuungaunga ni kazi yetu, jikoni hosteli, kwa wembe na gundi iliyotuletea malalamiko kutoka ghorofa ya juu.

Miguu minane tuliipata kwa mjomba wa Class 37, yaani Class 40. Hiyo pia ni ya English Electric, na za kwanza zilivuta treni kutoka Liverpool Street mwaka 1958. Ina mpangilio uleule: ekseli tatu zinazovuta na moja ya kubeba, kila upande. Tulinunua moja mbovu, mota imeungua, tukachukua magurudumu na fremu zake, tukatupa mwili.

Kisha ukaja ugomvi wa vipimo, uliokula wiki tatu. Modeli za Uingereza hupunguzwa mara 76. Reli ya mita moja ikigawanywa kwa 76 inakuwa milimita 13 na kidogo, na reli ndogo tuliyoweza kuinunua ni ya milimita 12. Tungepunguza mara 87 tungekaribia sana, milimita 11.5, na wapenda ishara walifurahi kwamba daraja la 87 lingekuwa katika kipimo cha 87. Lakini basi kila kipande cha Class 40 kingekuwa kikubwa mno. Tuliamua kubaki na 76 na kubeba kosa la milimita moja. Waingereza wenyewe huendesha modeli zao kwenye reli iliyo nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa zaidi ya milimita mbili, na hatujaona mtu akikosa usingizi.

Magurudumu tuliyasukuma ndani kwenye ekseli mpaka yakakaa kwenye reli mpya. Fremu zilibaki zimetokeza nje, tukataka kuzikata, kisha picha zikatuzuia. Watu hudhani reli nyembamba ni treni nyembamba. Injini za Afrika Mashariki zilikuwa na mabega mapana yanayoning'inia nje ya reli. Mwili tuliujenga kwa plastiki bapa ya milimita moja, tukifuata picha nyeusi na nyeupe, na kutoka kwa ile Class 37 ya kwanza tukaokoa vioo, vishikio vya mlango na feni ya paa.

Herufi zilikaribia kuvunja chama. Mwenzetu mmoja alitaka namba za daraja la 87 na jina la Kenya Railways, kwa sababu ndivyo baba yake alivyozijua. Wenzetu wa Tanzania na Uganda walikumbusha kwamba kabla ya 1977, Jumuiya ilipovunjika na shirika likagawanywa mara tatu, injini hizi zilikuwa za wote. Tulimpigia simu mzee. Hakutaka kuingia kwenye siasa. Alisema tu kwamba yeye aliondoka 1968, na mwaka huo ziliitwa 90. Tukaandika EAR. Namba kamili tumeiacha wazi, kwa kuwa tulipomuuliza alijibu kwamba zote zilipita mikononi mwake na hachagui mtoto.

Uchafu nao una mahali pake. Vitabu vya hapa hufundisha kupaka masizi na michirizi ya mvua. Tulivifunga, tukasaga chaki nyekundu na kuipuliza kuanzia magurudumuni kwenda juu, kama vumbi la Tsavo.

Jumamosi iliyopita tulimpelekea Southall. Aliigeuza, kidole kikapita: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akarudia. Kisha akakaa nayo mapajani muda mrefu, akimsimulia mkewe kwa Kipunjabi jambo ambalo hakututafsiria. Tulipoaga, kidole kilirudi chini ya gurudumu la pili.

"Mchanga wapi?"

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba kutoka Nairobi reli inapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na mvua ikinyesha magurudumu yanateleza. Injini ina visanduku vya mchanga, na bomba jembamba linalomwaga mchanga mbele ya gurudumu. Bila hayo, dereva anabaki mlimani.

Tunatafuta waya wa shaba wa nusu milimita. Mwenye nao alete Jumatano.