Daftari la Fedha Taslimu na Benki

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tangu National Bank of India ilipofungua tawi lake Mombasa mwaka 1896, wafanya biashara wa huku wameweza kuwa na fedha mahali pawili: sandukuni na benki. Yafaa daftari lionyeshe pote pawili.

Ukurasa ugawanywe pande mbili. Kushoto huandikwa fedha ziingiazo, na kulia zitokazo. Kila upande uwe na safu ya taslimu na safu ya benki. Tarehe, sababu na kiasi viandikwe siku ile ile.

Tuseme mwenye duka wa Likoni ameanza siku na Sh. 4,000 taslimu na Sh. 10,000 benki. Ameuza kwa Sh. 9,000, amenunua unga kwa Sh. 3,000, kisha amevuka kwa feri kupeleka Sh. 5,000 benki. Hizo Sh. 5,000 huandikwa mara mbili: kulia katika taslimu, na kushoto katika benki. Si matumizi wala si faida, zimehama tu. Jioni taslimu ni Sh. 5,000, na benki Sh. 15,000.

Apokeaye malipo kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, aongeze safu ya tatu.

Sanduku lihesabiwe kila jioni, na kila mwezi daftari lilinganishwe na taarifa ya benki, maana ada hukatwa kimya kimya. Hapo fedha zikipungua, kijana wa duka hatashukiwa bure kwa kosa la kalamu.