Taa zilizowashwa adhuhuri

Adhuhuri ya kiangazi, miaka ya 1920, katika barabara ndefu za Marekani, usingeshangaa kupishana na gari lililowasha taa zake kubwa juani. Dereva hakuwa amesahau. Alikuwa akiinusuru betri yake isichemke.

Chanzo ni starta. Mwaka 1912 Cadillac walileta gari linalowashwa kwa starta ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na hendeli iliyowavunja watu mikono ikaanza kuwekwa kando. Starta hula umeme mwingi, na dinamo inayozungushwa na injini ndiyo iliyopewa kazi ya kuurudisha kwenye betri.

Dinamo hufuata mwendo wa injini. Ikizunguka polepole huzidiwa na betri, na umeme ungeweza kurudi kinyume hadi betri ikaisha. Hilo lilizuiwa na katauti, swichi ya sumaku inayounganisha waya dinamo inapopata nguvu na kuutenganisha inapolegea.

Injini ikishika kasi, tatizo huwa la pili: dinamo hutoa umeme kupita kiasi na kujiunguza. Hapo ndipo ilipoingia brashi ya tatu. Brashi mbili hutoa umeme nje. Hii ya tatu hulisha koili za sumaku za dinamo yenyewe. Umeme unapoongezeka, nguvu ya sumaku ndani hupindishwa upande mmoja, brashi ya tatu ikabaki na volti chache, sumaku ikafifia, na dinamo ikajipunguza. Ni kifaa rahisi, na Ford walikitumia kwenye Model A, gari walilolizindua Desemba 1927.

Ila brashi hiyo iliilinda dinamo tu. Hali ya betri haikuijua. Betri iliyojaa iliendelea kusukumiwa umeme, maji yake yakageuka hewa na sahani zake zikachakaa. Kipimo kikabaki mkononi mwa dereva. Wakati wa baridi, safari fupi na injini ngumu kuwaka, brashi ilisogezwa upande wa mzunguko ili chaji ipande. Kiangazi ilirudishwa nyuma. Na katika safari ndefu ya mchana, taa ziliwashwa ili zile umeme wa ziada.

Katika miaka ya 1930 ilienea regileta inayopima volti na kukata nguvu ya sumaku betri inapotosheka. Mwaka 1960 Chrysler wakaweka alteneta kwenye Valiant, na enzi ya dinamo ikaanza kufikia ukingoni.

Kwa mwenye gari la kale la brashi tatu, kanuni moja haijabadilika: usiung'oe waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Katika mfumo huo betri ndiyo inayoishikilia dinamo. Ukiiondoa, volti hupaa, na balbu za taa zikiwa zimewashwa huungua.