Choo cha Kwanza cha Mtoto

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni hupata choo cha kwanza, kile cheusi chenye ukijani na kinachonata kama lami, kwa kawaida ndani ya saa 24. Mama hukipangusa, nepi ikabadilishwa, yakaisha. Kisipoonekana hadi saa 48, tumbo likajaa na mtoto akatapika rangi ya kijani, hilo si chango la kutulizwa kwa dawa za nyumbani. Ni dharura ya upasuaji.

Mojawapo ya kasoro zinazoleta hali hiyo ina jina la daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, aliyeieleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi kuliko wasichana. Mimba ikiwa changa, seli zitakazokuwa neva za utumbo husafiri kutoka juu kwenda chini. Zikikwama njiani, sehemu ya mwisho hukosa neva na hailegei kupitisha choo. Kinyesi hurundikana, utumbo hutanuka, na maambukizi yanaweza kumuua mtoto kwa siku chache. Mama anayeulizwa alikula nini au alimkosea nani hastahili maswali hayo.

Daktari huanza na eksirei, mtoto akiwa ameingizwa dawa inayong'arisha utumbo kwenye picha. Jibu la uhakika hutoka kwa mtaalamu wa patholojia: kinyama kidogo cha ukuta wa utumbo huwekwa chini ya darubini, naye huzitafuta seli za neva. Zisipokuwepo, mjadala umekwisha.

Mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenzake walichapisha njia ya kukata sehemu isiyo na neva na kuushusha utumbo wenye afya hadi njia ya haja kubwa. Siku hizi watoto wengi hupasuliwa kupitia njia hiyo hiyo, bila tumbo kufunguliwa. Aliyechelewa, tumbo likiwa limevimba sana, hutobolewa kwanza tundu la muda tumboni, choo kipitie kwenye kifuko mpaka apate nguvu.

Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Tangu 2018 hospitali hiyo hupandikiza figo. Ni hatua kubwa kwa kanda ya kati, ila mtoto wa Chemba au Mpwapwa hunufaika akiwahishwa tu.

Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2021, kutoka hospitali 264 za nchi 74, ulifuatilia watoto waliozaliwa na kasoro za tumbo na utumbo. Katika nchi maskini walikufa karibu 40 kati ya kila 100. Katika nchi tajiri hawakufika 6. Kufika hospitali maambukizi yakiwa yameshasambaa mwilini kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza vifo.

Kwa hiyo zahanati ina kazi yake. Mkunga amgeuze mtoto na kutazama kama njia ya haja kubwa ipo na iko mahali pake, maana wapo wanaozaliwa bila tundu hilo. Dalili zikionekana, maziwa yasimame, apewe dripu, mpira upitishwe puani hadi tumboni, alazwe kifuani kwa mama apate joto, na hospitali ya rufaa ipigiwe simu kabla gari halijaondoka.