Faili Zilizoamsha Kompyuta za Awali

Kompyuta inapowashwa, prosesa haijui faili ni nini wala diski imepangwa vipi, kwa kuwa kumbukumbu kuu bado ni tupu, na kinachosomeka wakati huo ni programu fupi iliyomo kwenye chipu ya kudumu, iliyoitwa BIOS katika kompyuta za zamani, ambayo ilikagua vifaa kisha ikasoma sekta ya kwanza ya diski, yaani kipande cha baiti 512. Katika kompyuta nyingi zilizoiga muundo wa ile ya IBM ya mwaka 1981, zikatumia mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS, kipande hicho hakingeweza kubeba mfumo mzima. Kiliita tu faili mbili zilizofichwa, IO.SYS, iliyobeba viendeshi vya kuwasiliana na kibodi, skrini na diski, na MSDOS.SYS, iliyosimamia faili zenyewe. Hatimaye ilipakiwa COMMAND.COM, ambayo ndiyo iliyopokea amri za mtumiaji.

Lililowatatiza wengi ni kwamba, katika matoleo ya awali, jina sahihi halikutosha bila mahali sahihi. Kwa ufinyu wa nafasi, programu ya sekta ya kwanza haikuweza kuipekua diski nzima, bali ilitazama majina mawili ya mwanzo katika orodha ya faili na kutarajia IO.SYS ianzie mwanzoni mwa eneo la data bila kukatika. Ndiyo maana aliyenakili faili hizo kiholela alipata diski iliyogoma kuwaka, ingawa hapakukosekana hata faili moja. Dawa yake ilikuwa amri ya SYS, iliyoziweka mahali pake. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Brain, kilichoandikwa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilitumia desturi hiyo ya BIOS ya kuanza na sekta ya kwanza: kilikalia sekta ya kwanza, kikaihamishia ile halisi kwingine, na hivyo kikatangulia kila kitu.

Simu za Android ambazo mafundi huletewa zikiwa zimekwama kwenye nembo mara nyingi zina hitilafu ya ukoo huo, kwani nazo huamka kwa hatua, kila programu ikiita inayofuata kutoka sehemu maalumu ya hifadhi, sehemu ambayo mtumiaji haioni anapounganisha waya ili kunakili picha. Kuflashi ni kuiandika upya sehemu hiyo, na stima ikipotea na kompyuta ya fundi ikazimika katikati ya kuandika programu ya kwanza kabisa, simu huenda isiwake tena.