Je, Wajua? Kivuli cha Majani na Kivuli cha Kitambaa

Je, wajua kuwa katika msitu mnene wa mvua ni takriban asilimia 2 tu ya mwanga wa jua inayofika ardhini? Mwingi hunaswa juu, kwenye dari la majani yaliyofungamana. Ndiyo maana mche huweza kudumaa miaka mingi, hadi siku mti mzee utakapoanguka na kuupisha jua.

Je, wajua kuwa dari hilo limejaa viumbe? Mwaka 1982 mtaalamu wa wadudu Terry Erwin alichapisha matokeo ya utafiti wake nchini Panama. Kwa kufukiza dawa kwenye miti 19 ya aina moja, alikusanya mbawakawa wa aina zipatazo 1,200.

Je, wajua kuwa kuna miti isiyogusana? Huko Kepong, Malaysia, ukitazama juu msituni utaona kila mti umeacha upenyo mwembamba kati yake na jirani yake, na anga linaonekana kama udongo wa mfinyanzi uliopasuka kwa kiangazi. Baadhi ya wataalamu wanasema upepo huyagonganisha matawi na kuvunja machipukizi ya pembeni.

Je, wajua kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika ni mkukusu wa Mlima Kilimanjaro? Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016 vilionyesha meta 81.5.

Je, wajua kuwa Warumi wa kale walitandaza vitambaa juu ya uwanja wa Colosseum kuwakinga watazamaji na jua? Waliopewa kazi hiyo ni wanamaji, kwa kuwa walizoea kamba na matanga.

Je, wajua kuwa mahujaji wanaotua Jeddah hupita katika jengo la uwanja wa ndege lililoezekwa kwa mahema 210? Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1981. Kila hema limechongoka na lina tundu kileleni, hewa ya moto ipate kupanda na kutoka. Madina nako, uani mwa Msikiti wa Mtume, kuna miavuli 250 inayokunjuliwa mchana na kukunjwa jioni.

Je, wajua kuwa tundu la juu lina faida hata kwenye parachuti? André-Jacques Garnerin aliporuka Paris mwaka 1797, parachuti lake halikuwa na tundu, na alipepesuka vibaya hadi chini. Baadaye yalitengenezwa yenye tundu, hewa ikapata njia, na mtu akashuka kwa utulivu.

Na je, wajua kwa nini chini ya mwembe kuna ubaridi kuliko chini ya turubai? Turubai hupata moto na kuushusha kwa waliokaa chini. Majani hutoa maji yanayogeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Basi ukiwa na shughuli nyumbani na mwembe upo, wazee wapangie viti hapo kwanza. Turubai liwafae watakaokosa nafasi.