Vifaa Peke Yake Haviponyeshi: Fundisho toka kwa Wazima-Moto wa Pori

Tukisema usalama kazini, wengi wetu tunawaza kwanza kaske, ganti na vilato. Ni vizuri. Lakini kuna wenzetu wa kazi ingine ya hatari, wazima-moto wa pori kule Marekani, waliofundishwa kwa machozi kama vifaa peke yake haviponyeshi mtu.

Hawa wenzetu wanavaa shati na suruali za kitambaa kisichoshika moto upesi, kaske, ganti na vilato vya ngozi. Kiunoni wanabeba hema ndogo ya aluminiamu, imekunjwa, kilo 2 hivi. Moto ukiwazunguka, kila mtu anaifungua, anaingia na kulala kifudifudi, uso chini kabisa, mahali hewa haijawa moto sana. Hema inarudisha joto la mbali. Lakini ndimi za moto zikiigusa, gundi yake inaanza kuachia kwa digri 260 hivi.

Tarehe 30/6/2013, kule Yarnell, Arizona, upepo wa mvua uligeuza moto. Wazima-moto 19 walikuwa wametoka mahali palipokwisha kuungua. Moto ukawakatia njia. Walifungua hema zao, lakini wote 19 wakafa.

Ndiyo maana mafunzo yao yanasema hema ni ya mwisho kabisa. Tangu 1991, wanafundishwa mambo 4 ya kupanga mbele ya kuanza kazi: mlinzi wa kuangalia moto, namna ya kupashana habari, njia ya kukimbilia, na mahali pa usalama. Kila mwaka wanarudia masomo na kujizoeza kufungua hema. Tena wanaambiwa: ukikimbia, tupa mzigo! Mwaka 1994, kule Colorado, walikufa 14, na uchunguzi ulionyesha kama wengine walikimbia wakingali na vyombo vyao.

Sasa sisi watu wa mungoti je? Mbele ya kushuka, tuulizane na kapita: Nani iko juu anaangalia? Tutasikia namna gani kama kuna hatari? Tutatokea wapi, na njia ya pili iko wapi? Kama hakuna jibu, tusishuke bado. Na siku udongo unaanza kudondoka, tuache mfuko wa minere palepale. Mfuko utapatikana mwingine. Baba wa watoto hapana.