Kuruti wa Wodini

Askari ye yote anayakumbuka majuma yake ya kwanza kambini: kuamka kabla ya alfajiri, kupiga kwata jua likiwaka, kuamriwa na kila mwenye cheo, na yeye mwenyewe kutokuwa na amri juu ya mtu. Kwa sababu hiyo askari anaweza kuielewa upesi, kuliko raia wengine, hali ya mwanafunzi wa uuguzi. Huyu naye ni kuruti. Tofauti ni kwamba kuruti wa kambini huanza kwa vita vya mazoezi, hali yule wa wodini hujifunzia kwa wagonjwa wa kweli.

Mji wa Mbarara ni kitovu cha mafunzo hayo katika kusini-magharibi ya Uganda. Hospitali yake ya Rufaa ndiyo inayotumiwa kufundishia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kilomita 60 hivi kutoka hapo, katika Wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya Nakivale, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Humo wanaishi wakimbizi zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Vituo vya afya vya Nakivale huwatibu wakimbizi na wenyeji pasipo ubaguzi. Muuguzi mmoja akiongezeka huko, pande zote mbili zimefaidika.

Lakini njia ya kutoka Nakivale hadi wodini ina miiba. Tuchukue mfano wa binti aliyesoma kwa Kifaransa huko Kivu. Hana budi kwanza vyeti vyake vilinganishwe na vya Uganda kwenye Baraza la Taifa la Mitihani. Na kama viliteketea siku ya kukimbia risasi, ataonyesha nini? Akifanikiwa kuingia chuoni, darasani hukuta Kiingereza, na wodini Kinyankole. Mzee anapomweleza maumivu ya kifua naye asielewe, huonekana mzembe, kumbe kilichopungua ni lugha. Hata hivyo Kiswahili chake, ambacho huenda hakikuhesabiwa cho chote siku ya usaili, ndicho kitakachomfaa atakaporejea Nakivale kuwahudumia Wakongo na Warundi.

Kisha yapo mambo ya fedha. Karo, sare, chumba na nauli vyote hulipwa na mtu ambaye bado hana mshahara. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Serikali ya Ujerumani, umewainua wakimbizi wengi, ila hulenga zaidi masomo ya shahada. Anayesomea cheti au stashahada mara nyingi hutegemea jembe la mzazi.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ndogo kwa umbo: sindano. Mwanafunzi mchovu, mwisho wa zamu ya usiku, hujichoma kwa urahisi. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B yaweza kumwambukiza mtu asiyechanjwa hadi mara 30 katika 100. Ile yenye virusi vya UKIMWI, kama mara 3 katika 1,000. Chanjo ya homa hiyo ipo, nayo hutolewa kwa dozi tatu. Dawa za kukinga UKIMWI nazo zipo, mradi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, zikatumiwa siku 28. Kwa hiyo anayenyamaza hujiumiza maradufu.

Mbona basi hunyamaza? Kwa sababu mkuu wa zamu anayetia sahihi daftari lake la mazoezi ndiye huyo huyo anayepaswa kupelekewa malalamiko. Hapa ndipo penye shina la tatizo. Sahihi hiyo ikikosekana, mtihani umekwama, na bila mtihani hakuna kuandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mwanafunzi anahitaji mwakilishi anayekaa katika vikao vya chuo na hospitali, mwenye ruhusa ya kusema bila kuadhibiwa. Anahitaji pia chanjo kabla ya kuingia wodini, wala si baada ya ajali. Jeshi halimpeleki kuruti uwanjani bila kofia ya chuma. Kwa nini hospitali imkabidhi sindano bila kinga?

Askari na polisi nao wana sehemu yao. Kijana mwenye sare ya uuguzi anayesimamishwa kizuizini usiku, mkononi ana kitambulisho cha chuo na kile cha mkimbizi, aghalabu anatoka zamu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea nchini. Akaguliwe kwa adabu, kisha asindikizwe ikiwa njia ni mbaya. Huenda kesho ndiye atakayefunga jeraha la huyo huyo aliyemsimamisha.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Nakivale maneno hayo si fumbo tena. Mgeni amekwisha kuja, naye yuko tayari kuponya. Kilichobaki ni sisi kumwachia njia, na kumsikiliza anaposema ameumia.